Tope la Kivu na Vishada vya Metali: Safari ya Kuigeuza Hewa ya Ukaa

Kilo moja ya kaboni ikiungua jikoni hutoa zaidi ya kilo tatu na nusu za hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi. Hapo hapana mazingaombwe: kila atomu ya kaboni huondoka na atomu mbili za oksijeni ilizozipata hewani, na oksijeni ina uzito wake. Hapa Huruma, mtaa wa Eldoret ulio katika eneobunge la Turbo, kaboni hiyo hutoka kwenye gunia la makaa, kwenye mtungi wa gesi, kwenye tangi la bodaboda. Hutoka pia kwenye malori yanayopita Eldoret kuelekea Malaba, Kampala, Kigali na Goma. Ikishaungua, yote huwa gesi ileile moja, na kawi iliyokuwa ndani yake imeshatumika.

Je, gesi hiyo inaweza kurudishwa ikawa kitu cha kufaa? Swali hili lina jibu tangu 1902, na jibu ni ndiyo. Kilichowasumbua wanasayansi kwa zaidi ya miaka mia moja ni namna ya kuifanya kazi hiyo bila kutumia kawi nyingi kuliko faida yake. Kwa kawaida historia hiyo husimuliwa kuwa habari ya Ufaransa, Ujerumani, Uingereza na Marekani. Mimi naamini mojawapo ya sura zake kuu iko kwenye tope la Ziwa Kivu, mwisho wa barabara hiyohiyo ya malori, na kwamba kijana wa Afrika Mashariki anayesoma kemia anastahili kuisikia akiwa bado darasani.

Ugumu wenyewe uko kwenye molekuli. Atomu ya kaboni imekaa katikati, oksijeni moja kila upande, na zimeshikana kwa nguvu. Kuzitenganisha kunahitaji haidrojeni au umeme, na kunahitaji kichocheo. Kichocheo ni mshenga: huwakutanisha wawili ambao peke yao wasingekaribiana, hulainisha maneno, kisha huondoka kama alivyokuja, tayari kwa shughuli nyingine. Karibu katika kila sura ya historia hii, kazi hiyo imefanywa na metali. Lakini katika bonge la metali ni atomu za juu tu zinazogusana na gesi. Zilizo ndani hukaa bure. Ndiyo maana wanakemia waliisaga metali ikawa unga, kisha vumbi, mpaka wakafikia vishada vya atomu chache zinazoweza kuhesabiwa. Huko walikofika, viumbe vya tope walikuwa wametangulia.

Nikeli na magadi, 1890–1924

Mwaka 1890 Ludwig Mond, mkemia mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya biashara Uingereza, aliona jambo la ajabu pamoja na wenzake Carl Langer na Friedrich Quincke. Nikeli, metali ngumu kabisa, ilipokutana na gesi ya kaboni monoksaidi iligeuka kiowevu chepesi kinachochemka kwenye nyuzi 43 tu. Habari hiyo ilimfikia Paul Sabatier, mwalimu wa chuo kikuu cha Toulouse. Sabatier alijiuliza: kama nikeli inaweza kuishika gesi hii, haiwezi kuzishika nyingine pia?

Akishirikiana na padri Jean-Baptiste Senderens, alipitisha gesi mbalimbali juu ya unga wa nikeli uliopashwa moto. Mwaka 1902 wakatangaza kwamba hewa ya ukaa na haidrojeni, zikipita juu ya nikeli yenye moto wa nyuzi mia tatu hivi, hutoka zikiwa methani na maji. Methani ni gesi inayowaka. Kilichokwisha kuungua kilikuwa kimerudi kuwa fueli. Mwaka 1912 Sabatier alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia, akigawana na Mfaransa mwenzake Victor Grignard.

Tayari Kenya imo katika habari hii, ingawa kwa mlango wa nyuma. Mond alikuwa mwasisi mwenza wa Brunner Mond, kampuni ya kutengeneza soda ya viwandani, na mwaka 1924 kampuni hiyo ilichukua Magadi Soda, iliyokuwa imeanzishwa 1911 kwenye ziwa la Bonde la Ufa kusini mwa Nairobi. Magadi ambayo mama zetu na nyanya zetu wametia kwenye maharage miaka na miaka ni chumvi ya sodiamu iliyofungwa pamoja na hewa ya ukaa. Bonde la Ufa lilikuwa likiinasa gesi hiyo na kuihifadhi hadharani muda mrefu kabla ya maabara ya Toulouse. Mwaka 1926 Brunner Mond iliungana na kampuni nyingine tatu zikawa ICI, jina ambalo litarudi sasa hivi.

Shaba inashika nafasi, 1923–1966

Nikeli hutoa methani, na methani kuibeba ni taabu. Viwanda vilitaka kiowevu. Mwaka 1923 kampuni ya BASF ilianza kutengeneza methanoli huko Leuna, Ujerumani, kwa kichocheo cha oksidi za zinki na kromiamu. Kilihitaji shinikizo la zaidi ya mara mia mbili ya hewa ya kawaida, na joto kali. Wanakemia walijua kwamba shaba ingefanya kazi vizuri zaidi, ila salfa kidogo tu kwenye gesi ilitosha kuiua.

Gesi safi ilipopatikana, ICI ilirudi kwenye shaba. Mwaka 1966, huko Billingham kaskazini mwa Uingereza, ilianza kutumia punje ndogo mno za shaba zilizotawanywa kati ya zinki na alumina. Shinikizo likashuka hadi kati ya mara 50 na 100, joto likashuka hadi nyuzi 200 na kitu. Viwanda vingi vya methanoli duniani hadi leo vinafuata njia hiyo.

Kisha, miaka ya 1980, likajitokeza jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Watafiti wa ICI walitia alama kwenye atomu za kaboni ili waone zinapopita. Wakakuta kwamba kaboni nyingi iliyomo kwenye methanoli ilitoka kwenye hewa ya ukaa iliyochanganywa kidogo ndani ya gesi, wala si kwenye kaboni monoksaidi kama ilivyofundishwa. Kwa miaka ishirini viwanda vilikuwa vikiigeuza hewa ya ukaa bila kujua.

Ziwa lenye gesi, 1935–1975

Sasa twende Kivu. Wakazi wa Goma na Sake hawakuhitaji vipimo ili kujua kwamba ardhi yao hutoa gesi. Kuna mabonde madogo na mashimo wanayoyaita mazuku, ambamo hewa ya ukaa, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya hasa usiku. Mbuzi akishuka humo hatoki, na watoto wameshakufa humo.

Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kati ya Kongo na Rwanda, na kina chake kinafika mita 485. Mwaka 1935 mtafiti wa Kibelgiji Hubert Damas, kutoka Liège, alishusha vifaa vyake na kukuta maji ya chini yana joto na chumvi kuliko ya juu, kinyume cha maziwa mengi. Chumvi na gesi huyafanya maji ya kina kuwa mazito, yakakaa chini bila kuchanganyika na ya juu. Yaliyomo humo hukaa karne na karne. Vipimo vya baadaye vilionyesha kiasi chake: karibu kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na karibu 60 za methani, zikipimwa kwa shinikizo la kawaida.

Waliotangulia kuitumia walikuwa watengenezaji wa pombe. Mwaka 1963 kampuni ya Kibelgiji ya Union Chimique Belge ilijenga mtambo mdogo Rasi ya Rubona, na methani yake ikapelekwa kuchemsha mitambo ya kiwanda cha bia cha Bralirwa, Gisenyi. Bomba hushushwa kwenye maji ya kina, maji yakianza kupanda hutoa mapovu, na mapovu huendelea kuyavuta maji mengine yenyewe. Mtambo huo ulifanya kazi kwa miaka arobaini hivi.

Lakini methani hiyo ilitoka wapi? Volkano ya Nyiragongo na ndugu zake hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, wala si methani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikosi cha watafiti wa Woods Hole, Marekani, kikiongozwa na Egon Degens, kilifika na vifaa vya kisasa. Mwaka 1973 walieleza, kwa kupima aina za kaboni zilizomo, kwamba sehemu kubwa ya methani ya Kivu ilikuwa hewa ya ukaa ya volkano iliyogeuzwa na vijidudu kwa haidrojeni. Mjerumani Klaus Tietze akafuata na vipimo vya kina vya ziwa lote katikati ya muongo huo, na mwaka 1988 yeye na wenzake wakakadiria kwamba theluthi mbili za methani hiyo zilitokea kwa njia hiyo.

Nawaomba wasomaji wasiipite sentensi hiyo haraka. Kazi aliyoifanya Sabatier kwa nyuzi mia tatu, Kivu inaifanya gizani, kwenye maji ya nyuzi 26 tu, na imeifanya kwa kiasi cha kilomita za ujazo.

Kiumbe cha tope, 1981

Katika chuo kikuu cha Illinois, Urbana, alikuwapo Ralph Wolfe, mtu aliyefungua elimu ya vijidudu wanaotengeneza methani. Mwaka 1977 yeye na Carl Woese walikuwa miongoni mwa walioitangazia dunia kwamba viumbe hao si bakteria hata kidogo, bali ni tawi jingine la uhai, arkea. Mwaka 1981 mwanafunzi wake John Leigh, pamoja na Wolfe na Mjerumani Frank Mayer, walichapisha maelezo ya kiumbe kipya waliyempata kwenye tope la Ziwa Kivu. Wakamwita Acetogenium kivui. Leo jina lake ni Thermoanaerobacter kivui.

Huyu ni bakteria, na hatengenezi methani. Hula haidrojeni na hewa ya ukaa, akatoa asidi asetiki, ile inayoifanya siki iwe kali. Oksijeni kwake ni sumu. Joto analolipenda ni nyuzi 66, nami hilo hunifanya nifikirie chemchemi za moto zilizo chini ya tope, maana maji ya ziwa hayafikii hata nusu ya joto hilo.

Viumbe wa aina yake walikuwa wamejulikana kabla. Mholanzi Klaas Wieringa alimwona wa kwanza mwaka 1936, na Wamarekani Harland Wood na Lars Ljungdahl walitumia miongo kadhaa kufuata njia ya kaboni ndani yao, hatua kwa hatua. Njia hiyo sasa ina majina yao, na wataalamu wengi wanaiona kuwa miongoni mwa njia kongwe kuliko zote ambazo uhai umetumia kujipatia chakula kutoka kwenye hewa. Swali likabaki: ni nini kinachoifanya kazi hiyo ndani ya chembe ndogo hivyo?

Vishada, 1960–2012

Jibu lilianzia kwenye moyo wa ng'ombe. Mwaka 1960 Helmut Beinert, Wisconsin, akichunguza vipande vya chembe za moyo huo kwa sumaku na mawimbi ya maikrowevu, aliona alama ambayo haikufanana na chuma chochote kilichojulikana. Ilichukua miaka kueleweka kwamba ni chuma na salfa vilivyojipanga pamoja ndani ya protini. Mwaka 1972 Richard Holm na wenzake waliweza kukitengeneza kishada hicho ndani ya chupa: atomu nne za chuma na nne za salfa, zimekaa kwenye pembe za mchemraba. Kikajikusanya chenyewe.

Wakati huohuo wanakemia wa metali walikuwa wakipita njia yao. Mmarekani F. Albert Cotton, miaka ya 1960, ndiye aliyevipa vishada vya atomu za metali jina na nafasi yake katika kemia, alipoonyesha kwamba atomu za metali huweza kushikana zenyewe kwa zenyewe ndani ya molekuli. Paolo Chini, Milano, akavitengeneza vingi vilivyozungukwa na kaboni monoksaidi. Ule ugunduzi wa Mond wa 1890 ulikuwa umezaa ukoo mzima. Katika miaka ya 1970 Earl Muetterties alitoa hoja kwamba kishada kidogo kinaweza kutufundisha yanayotendeka juu ya uso wa kichocheo cha kiwandani, kwa sababu kila atomu yake inaonekana na inahesabika.

Njia mbili hizo zilikaribiana. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 nikeli ilikuwa imegunduliwa ndani ya kimeng'enya ambacho bakteria wa asidi asetiki hutumia kuigeuza hewa ya ukaa kuwa kaboni monoksaidi. Mwaka 2001 Holger Dobbek na wenzake, Ujerumani, walipata picha ya umbo lake: nikeli moja, chuma nne, salfa. Metali ya Sabatier, lakini atomu moja tu mahali pa bonge zima. Na mwaka 2016 watafiti wa Marburg walipochunguza kimeng'enya ambacho arkea wa methani hutumia kuinasa hewa ya ukaa, walihesabu ndani yake vishada 46 vya chuma na salfa, vimepangwa mithili ya njia ya umeme. Kiumbe waliyemtumia ana jina la Wolfe.

Maabara za binadamu hazikuwa zimelala. Mwaka 1985 Yoshio Hori wa Chiba, Japani, alipitisha umeme kwenye shaba iliyotumbukizwa ndani ya maji yenye hewa ya ukaa, akapata methani na ethilini. Shaba bado ndiyo metali pekee safi ifanyayo hivyo kwa kiwango cha maana. Mwaka 1987 Mjapani mwingine, Masatake Haruta, alionyesha kwamba dhahabu, metali iliyodhaniwa haina hamu ya kuungana na chochote, huwa kichocheo hodari ikiwa punje ndogo sana. Mwaka 2008 umbo kamili la kishada cha dhahabu chenye atomu 25 lilijulikana. Mwaka 2012 Douglas Kauffman na wenzake wa maabara ya serikali huko Pittsburgh, wakishirikiana na Rongchao Jin wa Carnegie Mellon, walikitumia kishada hicho kuigeuza hewa ya ukaa kuwa kaboni monoksaidi kwa umeme, na karibu umeme wote ukaenda kwenye kazi hiyo. Tangu hapo vishada vya shaba, vya fedha, vya nikeli na vya mchanganyiko vimekuwa vikijaribiwa, kwa sababu atomu moja ikibadilishwa tabia yote hubadilika, na mtafiti anaweza kuona kwa nini.

Hofu na majahazi, 1986–2016

Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos nchini Kamerun lilifoka. Hewa ya ukaa iliyokuwa imetulia chini ya maji ilipanda kwa pamoja, ikashuka mabondeni, ikawaua zaidi ya watu 1,700 usiku mmoja. Kivu ni kubwa kuliko Nyos mara nyingi mno, na watu milioni mbili au zaidi wanaishi ufukweni mwake. Kuanzia siku hiyo ziwa lililokuwa likizungumzwa kwa habari ya bia na umeme likaanza kuzungumzwa kwa habari ya mauti. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma na kuingia ziwani, dunia ilishika pumzi; maji ya kina hayakutikisika.

Kutoa gesi kukawa njia ya kupata umeme na pia njia ya kupunguza hatari. Mradi wa KivuWatt, wenye megawati 26 hivi, ulianza kazi mwishoni mwa 2015 karibu na Karongi na kuzinduliwa rasmi 2016. Maji hupandishwa kutoka mita mia tatu na zaidi, gesi hutengwa juu ya jahazi kubwa, kisha huoshwa kwa maji ya ziwa ili hewa ya ukaa itoke na methani ibaki safi ya kuchomwa. Na hewa ya ukaa iliyooshwa? Sehemu kubwa yake hurudishwa ziwani pamoja na maji.

Ukiitazama hesabu ya Kivu, kwa kila ujazo mmoja wa methani kuna mara tano ya hewa ya ukaa. Wahandisi hawana kosa; hawana haidrojeni ya kuigeuza, na kuirudisha kwa uangalifu ndiko kunakolinda mpangilio wa maji. Lakini mimi huona uchungu kwamba mali ghafi ya kemia nzima hupandishwa, huoshwa, na kushushwa tena chini.

Waya ndani ya bakteria, 2013–2022

Mwaka 2013 Kai Schuchmann na Volker Müller wa chuo kikuu cha Goethe, Frankfurt, waliripoti kimeng'enya kipya katika bakteria aitwaye Acetobacterium woodii, aliyepewa jina la Harland Wood. Kimeng'enya hicho huchukua haidrojeni moja kwa moja na kuifunga kwenye hewa ya ukaa, zikawa asidi fomiki, ile iliyomo kwenye sumu ya baadhi ya sisimizi. Asidi hiyo ni kiowevu. Huhifadhiwa kwa urahisi, husafirishwa, na kimeng'enya hichohicho kinaweza kuirudisha kuwa haidrojeni inapohitajika. Kasi yake ilivipita kwa mbali vichocheo vya kemia vya wakati huo, tena kwenye joto la kawaida na shinikizo la kawaida.

Ndipo watafiti walipomkumbuka yule wa Kivu. Mwaka 2018 kundi la Müller lilionyesha kwamba Thermoanaerobacter kivui anacho kimeng'enya hicho pia, na chake kina kasi kubwa zaidi. Mwaka huohuo wakachapisha njia ya kubadilisha jeni zake. Na Julai 2022, katika jarida la Nature, Helge Dietrich, Müller, Jan Schuller wa Marburg na wenzao walionyesha picha zilizopigwa kwa darubini ya elektroni katika baridi kali. Vimeng'enya hivyo havikai kimoja kimoja. Hujiunga vikawa nyuzi ndefu, nazo nyuzi hufungamana mafungu na kushikamana na utando wa chembe. Katikati ya kila uzi unapita mfululizo wa vishada vya chuma na salfa, karibu karibu, vikipitisha elektroni. Upande mmoja haidrojeni inavunjwa kwenye kishada cha chuma; upande mwingine hewa ya ukaa inapokelewa na metali nzito. Ni waya wa umeme uliotengenezwa na bakteria wa tope letu.

Nimeandika tope letu, na ninamaanisha. Katika miongo yote niliyoisimulia, majina ya wagunduzi yametoka Toulouse, Urbana, Frankfurt, Marburg. Kutoka kwetu limekuja tope, na kwa njia nyingine zimekuja metali: shaba na kobalti ya Katanga, wolframu ya Rwanda, nikeli inayongojewa Kabanga, wilayani Ngara.

Nani mwenye tope? 1992–2014

Tope la 1981 lilichukuliwa kabla ya sheria. Mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai, uliotiwa saini 1992 na kuanza kutumika mwishoni mwa 1993, ndio uliosema kwanza kwamba viumbe wa nchi ni mali ya nchi hiyo na kwamba faida inayotokana nao igawanywe. Kenya ililijua jambo hili karibu na nyumbani. Vijidudu wa maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likiwamo, walikusanywa na vimeng'enya vyao vikaishia kwenye viwanda vya sabuni na vya kufifisha nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai sehemu ya faida. Mwaka 2006 Kenya ikatunga kanuni za kuomba kibali na kugawana faida, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikaanza kutumika Oktoba 2014. Leo anayetaka kuchota tope Bogoria atapita kwenye ofisi.

Sheria hizo hazirudi nyuma hadi 1981. Wala sidhani kwamba hasara kubwa ni ya fedha. Hasara kubwa ni miaka ya mafunzo: vijana ambao wangejifunza kumlea kiumbe huyo, kumpima, kumuuliza maswali, na ambao wangekuwa maprofesa leo.

Haidrojeni na moto wa ardhini, kutoka 2012

Kuna nchi ndogo iliyoonyesha njia kwa mali zinazofanana na zetu. Mwaka 2012, huko Svartsengi, Aisilandi, kampuni ya Carbon Recycling International ilizindua kiwanda kilichochukua hewa ya ukaa kutoka kwenye mvuke wa ardhini, kikapasua maji kwa umeme wa mvuke huohuo ili kipate haidrojeni, na kuviunganisha kuwa methanoli. Baada ya kupanuliwa 2015 kilifikia tani 4,000 kwa mwaka. Kiliitwa jina la George Olah, mshindi wa Tuzo ya Nobeli aliyekuwa akihubiri uchumi wa methanoli. Mwaka 2022 teknolojia hiyohiyo ilianza kazi Anyang, China, kwa uwezo wa tani 110,000.

Olkaria imekuwa ikitoa umeme wa mvuke tangu 1981, mwaka uleule wa bakteria wa Kivu, na sasa mvuke wa ardhini huzalisha zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya. Wahandisi wengi wa Kenya wamesomea mvuke hukohuko Aisilandi. Gesi nayo ipo: Carbacid imekuwa ikiuza hewa ya ukaa tangu 1961, na huichota ardhini Kereita, Lari, kwa ajili ya soda tunazokunywa. Octavia Carbon, iliyoanzishwa Nairobi 2022, inainasa kutoka hewani. Usiku, watu wakiwa wamelala, mvuke wa Olkaria huwa mwingi kuliko mahitaji, na hapo ndipo haidrojeni ya bei nafuu inapoweza kupatikana. Kinachokosekana ni watu waliozoea vichocheo kwa mikono yao.

Kutoka Huruma, Chuo Kikuu cha Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses haviko mbali, na vyote vinafundisha kemia na baiolojia. Bakteria wa Kivu amehifadhiwa kwenye hazina ya vijidudu ya Braunschweig, Ujerumani, kwa namba DSM 2030, na maabara yenye sifa inaweza kumwagiza. Vifaa vya kumlea si vya ajabu: chupa nene zenye vifuniko vya mpira, mtungi wa haidrojeni uliochanganywa na hewa ya ukaa, mahali pasipoingia oksijeni, na kabati la joto la nyuzi 66.